Rangi ya Meno Ilinificha Fizi Zangu

Nilikulia Njoro, mwendo mfupi kutoka mjini Nakuru, katika nyumba iliyotumia maji ya kisima kwa kila kitu, na meno yangu yana mabaka ya kahawia tangu yalipoota mahali pa meno ya utoto. Msomaji wa Nakuru, Gilgil au Rongai hahitaji maelezo zaidi, kwa maana ameyaona meno ya namna hii kinywani mwake mwenyewe au mwa jirani yake. Kwa msomaji wa kwingine niseme kwamba miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyatia maji ya chini ya ardhi madini ya floraidi, na kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ilhali visima vingi vya upande wetu hupita kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi kufikia miaka minane hivi, hupata doa lililo ndani ya jino lenyewe. Doa hilo si uchafu, na hakuna mswaki wala unga unaoweza kuling'oa.

Nyumbani hatukulijua hilo. Tulisugua meno kwa majivu, kwa mkaa uliosagwa, na tulipopata pesa tukanunua mswaki wenye nywele ngumu kuliko yote dukani, kisha tukasugua mbele ya kioo kwa nguvu za mkono mzima huku tukitazama sehemu moja tu, nayo ni meno ya mbele yanayoonekana mtu anapocheka. Sehemu ya nyuma hatukuijali, kwa kuwa haionekani. Kadiri nilivyosugua, ndivyo ufizi wa meno ya mbele ulivyorudi nyuma, na ndivyo magego yalivyozidi kusahauliwa. Wapo pia wenzangu waliokata tamaa kabisa, wakasema kwamba meno yenye rangi hii hayana cha kusafishwa, wakauacha mswaki. Nimeandika habari hii kwa ajili ya makundi yote mawili, kwa sababu naamini kwamba sisi wa huku tumefundishwa na maji yetu kuitazama rangi ya jino, na kwa hiyo hatukujifunza kuutazama mpaka ulio kati ya jino na ufizi, mahali ambapo meno ya watu wazima wengi hupotelea.

Mimi nililipoteza la kwanza nikiwa na miaka 29. Gego moja la juu lilikuwa likicheza na kuuma kila nilipotafuna nyama, nikaenda katika zahanati moja ya meno mjini, likang'olewa kwa muda usiozidi dakika kumi, nikalipa, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniambia neno lolote kuhusu fizi. Ninalikumbuka jino lile jinsi lilivyolala katika sinia ya chuma: halikuwa na tundu hata moja, sehemu yake ya kutafunia ilikuwa nzima, ila mizizi yake ilikuwa imevikwa gamba jeusi lenye kukwaruza, kana kwamba limetolewa matopeni. Niliuliza kile cheusi ni kitu gani, nikajibiwa kwamba jino lilikuwa bovu. Mpaka leo linaniuma jibu hilo, kwa sababu gamba lile lilikuwa ndilo jibu lenyewe, na kama ningeelezwa siku ile ningeokoa miaka sita.

Miaka sita baadaye nilikuwa nikitema damu kila nilipopiga mswaki. Nilifanya wanavyofanya wengi: nilipaogopa mahali palipotoka damu, nikawa napapita juu juu ili nisipaumize, na damu ikazidi. Jirani alinishauri nile mapera na machungwa kwa wingi, maana damu ya fizi ni upungufu wa vitamini C. Ni kweli kwamba upungufu mkubwa wa vitamini hiyo huzitoa fizi damu, lakini mtu anayekula sukumawiki karibu kila jioni ni nadra kuupata, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hatimaye nilimwendea daktari mwingine wa meno, na huyo hakuanza na koleo. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye kitone mwishoni na alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, akazunguka kinywa chote, huku akimtajia msaidizi wake namba za kuandika: mbili, tatu, mbili, tatu, nne, sita.

Aliponiinua kwenye kiti alinieleza kwamba ufizi wenye afya hulikumbatia jino na kuacha mfereji wa kina cha milimita moja hadi tatu. Kuanzia nne na kuendelea, mfereji umegeuka mfuko, na penye mifuko mirefu mara nyingi mfupa wa taya unaolishikilia jino umeanza kuliwa. Nilimwuliza juu ya rangi ya meno yangu, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo nilidhani ndiyo ugonjwa wangu. Akasema, "Mama, meno yako ni imara. Hiyo rangi ni ya maji ya utotoni. Kinachonitia wasiwasi ni hii mifuko mitatu ya milimita sita ya huku nyuma."

Jina la kinacholeta yote haya ni ukoga. Wengi wetu tunalitumia neno hili kwa ule ugumu wa manjano unaoganda nyuma ya meno, lakini ugumu huo ni ukoga uliokwisha kuzeeka. Ukoga mchanga ni laini, unanata, na hauna rangi ya kumshtua mtu. Muda mfupi baada ya kupiga mswaki, protini za mate huliwekea jino ngozi nyembamba sana, bakteria wa kinywani huja kujibandika juu yake, wanazaana, wanajijengea utando unaowashikamanisha, na wasipobughudhiwa kwa siku kadhaa, utando unakuwa mnene kiasi kwamba ndani yake hakuna hewa ya kutosha, ndipo wanapostawi bakteria wa aina nyingine wanaopenda mahali pasipo na oksijeni. Ufizi nao hujibu kama mwili unavyojibu mahali popote palipovamiwa: damu hujaa pale, panavimba, panakuwa pekundu, na ukipagusa panatoka damu. Utando usipoondolewa huanza kunasa madini ya kalisi na fosfeti yaliyo katika mate na kugeuka jiwe, na dalili za kwanza za kugeuka huko zinaweza kuanza ndani ya siku moja hadi tatu. Jiwe hilo hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu hapo ndipo mirija ya tezi kubwa za mate inapofungukia. Gego langu lililong'olewa lilikuwa la upande huo huo. Lile gamba jeusi la kwenye mizizi lilikuwa jiwe hilo hilo, isipokuwa lilikuwa limeotea chini ya ufizi.

Kwa kuwa ukoga mchanga hauonekani, nilitaka kuuona, na njia niliyofundishwa naisifu kuliko ushauri mwingine wowote niliopewa. Nilinunua kichupa cha rangi nyekundu ya chakula, ile ya kutilia keki, nikatia matone machache katika kijiko cha maji, nikajipaka mafuta ya mgando midomoni ili isishike rangi, kisha mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja tukasukutua kwa nusu dakika hivi, tukatema, tukasuuza mara moja kwa maji matupu. Tulikuwa tumepiga mswaki robo saa iliyotangulia. Tukaitana mbele ya kioo na tochi ya simu. Meno yake ya mbele yalikuwa meupe kabisa, yametakata, maana yeye amekunywa maji ya mvua tangu alipozaliwa, lakini kila jino lilikuwa na uzi mwekundu uliofuata ukingo wa ufizi kama pindo la leso, na katika nafasi za kati ya meno wekundu ulikuwa umejaa hadi ndani. Nyuma ya meno yake ya chini palikuwa kama pamepakwa. Mimi, upande wa kulia, ambao mkono wangu huufikia kwa shida, magego mawili yalikuwa mekundu tangu ufizini hadi nusu ya jino. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, kumbe kila siku huwa tunaviacha hivi?" Tukarudia kupiga mswaki hadi wekundu ukaisha, na saa ya simu ilionyesha kwamba tumetumia zaidi ya dakika nne. Awali tulikuwa tukitumia chini ya moja.

Damu ya fizi si jambo la wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uliwakuta karibu watu wazima wote waliopimwa na fizi zinazotoka damu. Huenda ndiyo sababu tumeizoea, tukaiona kama sehemu ya kawaida ya kupiga mswaki. Kilichonitoa katika mazoea hayo ni jaribio moja nililosimuliwa na yule daktari, lililofanyika Denmaki na kuchapishwa mwaka 1965, ambapo mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu kumi na wawili wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Fizi za wote ziliugua, wengine baada ya siku kumi, wengine baada ya wiki tatu. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona katika muda wa siku chache tu. Tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba uvimbe wa fizi unaletwa na uzee au na damu ya ukoo. Unaletwa na ukoga, na ukoga ukiondoka unaondoka nao.

Lakini lipo la pili, na hili sipendi kulificha. Löe huyo huyo alishirikiana na wenzake kuwafuatilia wafanyakazi wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno, na kila niwazapo habari zao huwaona wachuma chai wa Kericho na Nandi ninaopishana nao njiani kwenda Kisumu. Kwa kadiri ya asilimia 8 ugonjwa ulikwenda mbio hata meno yakaanguka mapema, asilimia 81 ulikwenda wastani, na asilimia 11 hivi hawakupita hatua ya uvimbe wa fizi ingawa ukoga walikuwa nao tele. Basi miili haifanani. Yupo babu asiyejua mswaki na meno yake yote yapo, na yupo kijana anayejitahidi na bado mfupa unaliwa. Kwa vile hakuna mtu ajuaye kwa kujitazama yuko katika kundi lipi, na kwa vile mfupa ukishaliwa haurudi kama ufizi unavyorudi, mimi sioni busara ya kungoja ili nijue.

Namna ninavyosafisha sasa ni hii. Mswaki wangu ni wenye nywele laini. Nauinamisha ili ncha za nywele zielekee kwenye ukingo wa ufizi, nusu ziguse jino na nusu ziguse ufizi, kisha natikisa mkono kwa miondoko mifupi sana mahali pamoja, meno mawili au matatu kwa wakati, kabla ya kusogea. Naushika kwa vidole, kama mtu anavyoshika kalamu, kwa sababu ngumi inakaribisha nguvu, na nguvu ndiyo iliyonirudisha fizi nyuma. Naanzia mahali pagumu, yaani upande wa ndani wa magego ya chini ambako ulimi husukuma mswaki, na meno ya mbele nayaacha mwisho. Muda ni dakika mbili, chini ya hapo usishuke, mara mbili kwa siku, na ya usiku haina udhuru, maana mtu akilala mate hupungua na bakteria hubaki peke yao. Nikimaliza natema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ya meno ibaki kidogo kinywani.

Mswaki hata hivyo hauingii kati ya meno, na ukweli ni kwamba ugonjwa wangu wote ulianzia kati ya meno. Meno yaliyobanana husafishwa kwa uzi wa meno, unaopitishwa polepole, ukakunjwa kulizunguka jino moja kama herufi C, ukapandishwa na kushushwa kidogo chini ya ufizi, kisha ukageuziwa jino la pili. Mahali palipoachana kidogo, vile vimswaki vidogo vyenye waya katikati hufanya kazi vizuri zaidi. Vijiti vya meno tunavyowekewa mezani baada ya nyama choma vinatoa nyuzi za nyama tu, havikwangui ukoga, na mtu akivichokoa kwa nguvu hujijeruhi. Nimewahi pia kukaa siku tatu na ufizi uliovimba upande mmoja, kumbe ni ganda la punje ya mahindi choma lililojipenyeza ndani na kulala kama kucha. Uzi ulilitoa kwa mpito mmoja. Wiki ya kwanza ya kutumia uzi damu hutoka, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani wanajiumiza. Mimi ilipungua kuanzia siku ya sita, na kabla ya wiki ya pili kwisha mate niliyotema yalikuwa safi.

Jiwe lililokwisha kuganda halitoki kwa mswaki, kwa chumvi wala kwa ndimu, na tafadhali mtu asijikwangue kwa pini. Ni kazi ya daktari na vyombo vyake, kimojawapo kikiwa kile kinachotetema na kurusha maji. Inasemwa sana, hata na watu wenye elimu, kwamba kukwanguliwa ukoga kunalegeza meno. Ninaelewa wasiwasi huo unakotoka, kwa maana nilipotoka pale ulimi wangu ulikutana na mianya ambayo haikuwapo asubuhi, na kwa siku kadhaa maji baridi yalinichoma. Lakini mianya ilikuwapo siku zote, imezibwa na jiwe, na ulegevu ulikuwa umeletwa na mfupa uliopotea chini ya jiwe hilo. Maji ya chumvi hutuliza ufizi, nami huyatumia, lakini hayaondoi utando unaonata. Dawa za kusukutua zenye klorheksidini zinasaidia kwa muda mfupi daktari anapoziandika. Zikitumiwa muda mrefu hutia meno madoa, na sisi wa Nakuru tunayo ya kutosha.

Mama mkwe wangu anaishi Nyando, upande wa Kisumu, amepita miaka themanini, na mswaki wake ni wa mti. Anautafuna ncha mpaka unakuwa burashi, anasugua jino moja moja akiwa ameketi kwenye kigoda, bila haraka, na upande wa nje wa meno yake ni safi kuliko wa wajukuu wake. Hata neno letu la mswaki linatokana na kijiti hicho, kupitia Kiarabu, na sitaki mtu akidharau. Pungufu lake ni upande wa ndani na katikati ya meno, ambako kijiti hufika kwa taabu. Meno yake sita ya mbele ya chini yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa desturi ya zamani ya Waluo iitwayo nak, kwa hiyo mahali ambapo wengi wetu tunajaza jiwe yeye hana jino. Lakini gego lake moja limeanza kucheza, na wakwe zangu wanasema ni umri. Majirani zake wa mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni huamini kwamba kutafuna muwa kunasafisha meno, na ni kweli nyuzi zake husugua uso wa jino uliotokeza, ila haziufikii ukingo wa ufizi, na sukari yake inabaki huko ukingoni kuwalisha bakteria walioko.

Wapo wanaohitaji uangalifu zaidi. Mwenye kisukari fizi zake huugua upesi, na fizi zilizougua nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mvuta sigara huharibikiwa bila kuona damu, kwa sababu tumbaku hupunguza damu inayopita katika ufizi, na hivyo onyo linanyamazishwa. Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa ukoga mdogo tu kutokana na mabadiliko ya homoni. Ule msemo kwamba kila mtoto huja na kuondoka na jino moja la mama yake umewafanya wanawake wengi wakubali hasara ambayo kusafishwa meno kungeizuia, na kusafishwa huko ni salama wakati wa ujauzito. Dawa za kifafa zenye fenitoini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huweza kuuotesha ufizi ukalifunika jino. Mtu asiziache kwa sababu hiyo, amwambie daktari. Mwenye vidonda vya ufizi vinavyouma, vyenye harufu kali, asingoje hata wiki moja.

Na watoto wetu wa Nakuru? Wazazi wengine, kwa kuogopa floraidi, wamewanyima dawa ya meno kabisa. Mimi nimefuata kipimo cha daktari: chembe ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, ukubwa wa njegere kuanzia mitatu hadi sita, mzazi akiwa amesimama pale kuhakikisha anatema. Floraidi ya kuogopwa ni ya maji ya kunywa. Kuyachemsha hakuiondoi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Maji ya mvua ni bora, na wasio nayo wanaweza kutafuta vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imevisambaza kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita nilirudi kupimwa, nikaomba msaidizi anisomee namba kwa sauti ili nami nizisikie. Katika ile mifuko mitatu ya milimita sita, miwili imekuwa ya nne. Wa tatu umekuwa wa tano, nyuma ya gego la mwisho la chini upande wa kulia, na hapo ndipo ninapoanzia kila usiku.